Presha ya Ilomba haitaishia kliniki

*Nyanda za Juu Kusini zimewahi kuurudisha nyuma ugonjwa sugu kwa kanuni ya serikali, na utapiamlo wa watoto kwa nguvu ya majirani. Sasa zamu ni ya presha na sukari.*

MBEYA. Ikitimu saa 12 jioni ubaridi huanza kushuka, na kando ya barabara kuu ya TANZAM inapokatiza kata ya Ilomba majiko huwashwa moja baada ya jingine. Kwenye kibanda cha chipsi, viazi vilivyomenywa tangu mchana vimelala ndani ya ndoo ya maji. Mafuta yanachemka kwenye karai, rangi yake kahawia iliyokolea, maana ni yale yale ya jana.

Mpishi anakaanga, anachuja, anamimina kwenye sahani. Kisha anachukua kikopo cha plastiki ambacho kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari wa moto, anakitikisa juu ya chipsi mara nne, mara tano. Mteja akishapokea sahani yake anakiomba kikopo hicho hicho na kutikisa tena, kabla hata hajaonja. Soda inafuata.

Hatua chache pembeni, mama mmoja ametandaza parachichi za Rungwe kwa mafungu, chainizi na karoti. Watu wanapita mbele ya meza yake kwa haraka. Wengi wao wametoka kazini wamechoka, na chainizi hiyo inadai mtu afike nyumbani, awashe mkaa, akate kitunguu, asubiri. Chipsi zimeshaiva.

Kati ya watu hao wanaosubiri sahani, wapo ambao miaka kumi ijayo watakuwa na daftari la kliniki ya presha. Watakapolipata, watashauriwa wapunguze chumvi, wapunguze mafuta, wale mboga, watembee. Ushauri huo ni sahihi kabisa. Ila utakuwa umechelewa, na utakuwa umeelekezwa kwa mtu mmoja mmoja, wakati kikopo, karai, soda na barabara vilikuwa vya wote.

Ugonjwa usiopiga hodi

Takwimu zilizotumiwa sana nchini kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza zilitoka kwenye utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliowahusisha watu wazima wa umri wa miaka 25 hadi 64. Asilimia 26 kati yao walikutwa na shinikizo la juu la damu. Asilimia 9 walikuwa na kisukari. Asilimia 26 walikuwa na uzito uliozidi. Na zaidi ya asilimia 97 hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa.

Namba hiyo ya mwisho, katika nchi yenye ardhi kama ya Rungwe, Uporoto na Njombe, ingestahili kujadiliwa kama tunavyojadili bei ya mbolea.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani theluthi moja ya vifo vyote Tanzania vinatokana na magonjwa haya: moyo, kiharusi, kisukari, saratani, njia ya hewa. Presha ndiyo hatari zaidi kwa kuwa mtu anaweza kutembea nayo miaka mingi bila kuumwa popote. Mishipa inakakamaa, moyo unatanuka, figo zinachuja damu kwa taabu. Siku mwili unapokataa, familia inajikuta na baba aliyepooza upande mmoja na duka lililofungwa.

Ilomba iko mahali ambapo mabadiliko haya yanaonekana kwa macho. Ni kata ya Jiji la Mbeya, kati ya Uyole na Mwanjelwa, yenye Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali, Wakinga na Wabena waliokuja kutafuta maisha. Wazazi wao walishika jembe tangu alfajiri. Wao wanakaa dukani, wanaendesha bajaji, wanashona, wanauza simu. Ugali ni ule ule, tena sasa ni wa sembe iliyokobolewa badala ya dona, lakini kazi ya kuuchoma haipo tena.

Rovu lilivyotoweka shingoni

Wazee wa Makete, Njombe na Mbeya wanakumbuka rovu, lile tezi lililovimba shingoni hadi likaning'inia. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi nchini. Mvua za milimani zilikuwa zimesomba madini joto kutoka kwenye udongo, hivyo mahindi, maharage na mboga vilivyoota juu yake havikuwa nayo ya kutosha. Shingo ndiyo iliyoonekana. Kisichoonekana ni akili za watoto waliozaliwa na mama wasio na madini hayo, na mimba zilizoharibika.

Serikali ingeweza kuwahimiza watu wa milimani wale samaki wa baharini. Haikufanya hivyo, kwa sababu samaki wa baharini hawafiki Makete. Kwanza, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, wananchi wa wilaya zilizoathirika zaidi waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikatungwa kanuni za kuwataka wazalishaji waweke madini joto kwenye chumvi, ili chumvi yenyewe, inayofika hata kwenye kibanda cha mwisho cha kijiji, ibebe dawa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulipima watoto wa shule na kukuta rovu kwa chini ya asilimia 7. Makadirio ya miaka ya 1980 yalikuwa asilimia 25. Zaidi ya asilimia 80 ya kaya zilikuwa tayari zinatumia chumvi yenye madini hayo.

> Hakuna mama wa Makete aliyetakiwa kubadili tabia. Kilichobadilika ni chumvi iliyoletwa dukani kwake.

Nimeirudia habari hii kwa makusudi, maana kikopo kile cha kibanda cha chipsi kina chumvi hiyo hiyo. Chumvi iliyotuondolea rovu leo inatupandishia presha kwa wingi wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote: supu ya asubuhi, maharage ya mchana, kiungo cha pakiti kwenye mchuzi, chipsi za jioni. Madini joto yanaweza kuendelea kuwekwa huku kiasi cha chumvi kikipungua. Mambo hayo mawili hayagombani.

Mfano mwingine wa namna hii uko kisiwani Mauritius. Mwaka 1987 serikali ya huko, ikiona moyo na kisukari vinawamaliza watu, ilibadili mafuta ya kupikia yaliyokuwa yakiuzwa kwa bei nafuu, kutoka mawese hadi soya. Miaka mitano baadaye wastani wa kolesteroli katika damu za wananchi ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita. Watu walikuwa wanakaanga kama kawaida.

Mizani ya Iringa

Kanuni peke yake haifiki kila mahali. Kuna mambo ambayo hayawezi kuwekwa ndani ya pakiti ya chumvi, na hapo ndipo Iringa inapoingia.

Mwaka 1983 mkoa huo, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Njombe, ulianza mpango wa lishe kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, fedha zikitoka Italia. Ulianza katika vijiji 168. Kiini chake kilikuwa mizani. Kila baada ya miezi mitatu watoto wote wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito mbele ya kijiji. Matokeo hayakufungiwa kabatini wala kusubiri mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Yalisomwa kwenye serikali ya kijiji siku zile zile, na swali likaulizwa: huyu wa kwa fulani amepungua kwa nini?

Majibu yalikuwa ya kawaida, na hayakuwa ya hospitali. Mama anashinda shambani na mtoto anakula mara moja kwa siku. Maji yako mbali. Baba anauza mahindi yote ghalani. Mtoto ana minyoo. Kwa kila sababu kilitafutwa cha kufanya pale pale kijijini: kituo cha kulelea watoto wakati wa kilimo, uji wa pamoja, mhudumu wa afya wa kijiji kuitembelea kaya ile, wanaume kuambiwa hadharani kwamba mzigo wa mwanamke umezidi. Miezi mitatu ikipita, mizani inarudi, na kijiji kinajua kama kimefanikiwa.

Katika miaka michache ya mwanzo, utapiamlo mkali katika vijiji vile ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Mpango ukapanuliwa mkoa mzima, kisha mikoa mingine. Mfumo wa kuchambua vyanzo vya utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza duniani mwaka 1990, na ambao bado unafundishwa vyuoni, mizizi yake iko kwenye vijiji hivyo vya Iringa.

Hata hivyo Iringa ile ile, kwa utafiti wa afya wa mwaka 2022, ndiyo iliyoongoza Tanzania Bara kwa udumavu: karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Uzito na urefu ni vipimo tofauti, na udumavu una sababu zake nyingi zinazoanza tangu ujauzito. Lakini ni vigumu kuitazama namba hiyo bila kujiuliza yale mazungumzo ya kila miezi mitatu yalikwenda wapi. Fedha za wafadhili zikiisha, mizani inaweza kubaki. Kinachokufa mapema ni ile tabia ya kijiji kujiuliza.

Na udumavu si habari ya watoto pekee. Mtoto aliyekosa lishe tumboni na katika miaka miwili ya kwanza, kisha akaja kunenepa ukubwani kwa maisha ya mjini, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya presha na kisukari kuliko mwenzake aliyekua vizuri. Kijana wa Mufindi au Makete aliyedumaa mwaka huu, ndiye atakayekuja kupanga chumba Ilomba akifika miaka ishirini.

Kila mtu na afya yake?

Upo upande wenye nguvu unaosema kwamba haya yote ni suala la mtu mwenyewe. Nani amekulazimisha kunywa soda? Nani amekukataza kukimbia asubuhi? Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Novemba 2019 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alizindua jijini Dodoma mpango wa taifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza, na tangu hapo kila Novemba tuna wiki yake. Hapa jijini zipo mbio za Mbeya Tulia Marathon zinazowakusanya wakimbiaji kila mwaka.

Sina ugomvi na mbio. Anayekimbia anajisaidia, na anayemwona akikimbia huenda naye akainuka. Lakini ukiwatazama wanaokimbia, wengi ni wale wenye ratiba inayowaruhusu, viatu vinavyofaa na mahali pa kuogea. Dereva wa bajaji anayeamka saa 10 alfajiri kuwahi abiria, Jumamosi ya pili ya mwezi kwake ni siku ya kazi.

Upande wa pili una wafanyabiashara, nao wana hoja nzito. Chipsi, mishikaki na soda ni ajira. Wengi wa wanaouza ni vijana waliomaliza shule bila kazi, na akina mama wanaosomesha watoto kwa karai moja. Mafuta yamepanda bei. Kuyamwaga kila siku ni kumwaga faida. Yeyote atakayekuja na kanuni mpya ya chakula cha mitaani bila kulijibu jambo hilo, atakuwa anaanzisha vita na maskini kwa jina la afya, na mgambo ndio watakaofaidi.

Kuna njia nyingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hizo zinaweza kuwasaidia wauzaji wanunue mafuta ya alizeti kwa jumla wakiwa kikundi, na wauze mboga na kachumbari kwenye sahani ile ile. Chumvi inaweza kuondolewa mezani ikabaki kwa mpishi, anayeitaka aombe. Jambo hilo halimgharimu mtu hata shilingi moja.

> Anayetaka kubadili chakula cha mitaani aanze kwa kukaa na wanaokipika.

Tumbaku ya Chunya, viroba vya mpakani

Pale ambapo sera imegusana na fedha kubwa, mambo huwa magumu zaidi, na mkoa wa Mbeya unayajua hayo kwa tumbaku na kwa viroba.

Mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, na mwaka 2007 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Wakati huo huo Chunya, ndani ya mkoa huu huu, ni moja ya wilaya zinazolima tumbaku, na ushuru wa zao hilo unajenga madarasa na zahanati. Mkulima wa Chunya hawezi kuambiwa aache tumbaku kwa hotuba. Anahitaji zao jingine lenye mnunuzi wa uhakika, mkopo wa pembejeo na bei inayojulikana kabla hajapanda, kama anavyovipata kwenye tumbaku. Mkataba ule ulioridhiwa unazitaka nchi ziwasaidie wakulima kupata njia mbadala. Bila hivyo, wizara moja itaendelea kuhesabu wagonjwa wa mapafu na nyingine kuhesabu tani.

Kwa viroba serikali ilikuwa na msimamo mmoja. Februari 2017 Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, alitangaza kwamba kuanzia Machi mosi pombe kali haitauzwa tena kwenye vifuko vya plastiki. Viwanda vililalamika, hazina ikapoteza kodi, wenye stoo wakabaki na shehena. Ila kifuko ambacho mwanafunzi aliweza kukificha kwenye soksi kiliondoka madukani. Baadaye vikaanza kukamatwa vinavyovushwa kutoka Malawi kupitia Kyela, jambo linaloonyesha kwamba katazo la nchi moja linavuja pale jirani anapoendelea kuruhusu. Pamoja na hayo, anayekumbuka vituo vya daladala vya Mbeya kabla ya 2017, ardhi ilivyotapakaa vifuko vitupu, anajua tofauti.

Wapo waliotabiri kwamba wanywaji wangehamia tu kwenye komoni, kimpumu na ulanzi. Baadhi walihamia. Hizo ni pombe za kienyeji zinazonyweka polepole, kwa kikombe kikubwa, mtu akiwa amekaa na wenzake wanaomjua. Si salama, lakini kijana hawezi kuzitia mfukoni akaenda nazo darasani.

Njia nne, na mtembea kwa miguu

Barabara ya TANZAM inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga, Uyole, hadi Ifisi, kilomita 29, na inapita katikati ya makazi ya watu. Malori ya kwenda Tunduma, mabasi na bajaji za Mwanjelwa vyote vilikuwa vinagombea njia mbili. Mbeya ilihitaji upanuzi huu miaka mingi.

Sera ya afya iko hapo, hata kama waliouchora mradi hawakuwa madaktari. Kutembea nusu saa kwa siku kunashusha presha na kuusaidia mwili kutumia sukari, na watu wa Ilomba wengi bado wanatembea kwenda sokoni Soweto, kanisani, shuleni. Watatembea ikiwa kuna njia ya miguu iliyo pana, yenye taa, ambayo haijageuzwa maegesho ya bodaboda wala meza za biashara. Vivuko visipokuwa karibu karibu, mama atapanda bajaji kuvuka tu upande wa pili. Uamuzi wa wapi kivuko kiwekwe utaingia kwenye miili ya watu kwa miaka 40 ijayo.

Baridi nayo ina sehemu yake. Kati ya Mei na Agosti jiko la mkaa huingizwa ndani, dirisha likafungwa, watoto wakalala pembeni yake. Moshi na hewa ya sumu ya mkaa huumiza mapafu na moyo, na kuna nyakati zimeua familia usingizini. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kwa Mbeya, mkakati huo utapimwa pia kwa namna utakavyojibu suala la joto la nyumba. Mtungi wa gesi unapika vizuri, lakini hauotwi.

Nani analipa

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetaja ushuru wa vinywaji vyenye gesi, vileo na vipodozi kuwa miongoni mwa vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo. Hiyo ni hatua. Hata hivyo ushuru uliowekwa kwa ajili ya kukusanya fedha si sawa na ushuru uliowekwa ili sukari ipungue. Afrika Kusini, kuanzia Aprili 2018, inatoza kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100, hivyo kiwanda kikipunguza sukari kinapunguziwa kodi. Viwanda vingi vilipunguza. Mnywaji akaendelea na soda yake ikiwa na sukari kidogo zaidi.

Bima bila kinga ni kazi ya kuzoa maji huku bomba limepasuka. Mgonjwa wa figo zilizoharibiwa na presha husafishwa damu mara mbili hadi tatu kwa wiki, maisha yake yote. Fedha ya mgonjwa mmoja kwa mwaka ingewapima na kuwapa vidonge vya presha majirani wengi sana kabla figo zao hazijaguswa. Wataalamu wa hospitali ya rufaa ya kanda wanajua hivyo kuliko mtu yeyote, lakini bajeti huenda kwa anayelia, na mwenye presha isiyogundulika halii.

> Mwenye presha isiyogundulika halii, na bajeti haimwoni.

Ofisi ya mtaa

Januari 31, 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alizindua Dodoma mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Kila mtaa na kila kitongoji kinatarajiwa kuwa na wawili. Huu ndio mlango ambao Iringa iliupitia mwaka 1983, kwa jina jingine.

Mhudumu huyu akipewa mashine ya kupimia presha na mizani, na akitakiwa kuwapima watu wazima wa mtaa wake kila robo mwaka, Ilomba itakuwa na namba zake yenyewe. Majina yabaki siri kati ya mhudumu na zahanati. Namba zisomwe kwenye mkutano wa mtaa: waliopimwa, waliokutwa juu, walioacha dawa. Kisha mwenyekiti aulize kama serikali ya kijiji ilivyouliza kule Iringa. Wameacha dawa kwa kuwa zahanati haina, au kwa kuwa nauli imekosekana? Kwa nini mtaa huu una wengi kuliko ule? Ni klabu ya pombe, ni chipsi, ni kukosa njia ya kutembea?

Mengine yako mikononi mwa Baraza la Madiwani la Jiji. Sheria ndogo inaweza kuzuia soda na pipi kuuzwa getini mwa shule za msingi, na kuwapa nafasi hiyo akina mama wanaouza ndizi, parachichi na mahindi ya kuchemsha. Masharti ya leseni ya kibanda yanaweza kutaja mafuta na chumvi. Ramani ya viwanja inaweza kuacha uwanja mmoja wa wazi kila mtaa na kumzuia mtu asijenge fremu juu yake; viwanja vya michezo vya Mbeya vilivyogeuzwa maduka vinajulikana na kila aliyekulia hapa.

Mikoa imeshawahi kusaini mikataba ya lishe na serikali kuu, Desemba 2017 na tena Septemba 2022, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto alipata mstari wake kwenye bajeti kwa kuwa kuna mtu aliyetakiwa kuutolea hesabu. Baba na mama yake, wanaobeba presha bila kujua, hawana mstari kama huo.

Halmashauri huandaa bajeti zao miezi ya mwanzo ya mwaka, na mapendekezo huanzia kwenye mitaa. Mashine za kupimia presha za mitaa ya Ilomba zinaweza kuombwa huko, pamoja na posho ya wahudumu, vivuko na kiwanja, mkutano ukiwa bado umekaa na mtendaji ameshika kalamu.